Gamba la Bi Mkubwa

2 Februari

Mwanangu Kibanio,

Salamu nyingi sana. Natumaini dada yako na mapacha wake wanaendelea vizuri, na wewe hujachoka kubembeleza. Mimi mzima, ila masikio ndiyo hayo. Mashine ya kufulia imeyamaliza, bora barua kuliko kupigiana kelele kwenye simu. Dereva wa basi atakufikishia.

Sasa pole, mwanangu. Mmoja wa wale kamba wako wadogo wa kwenye tangi la kioo amefariki. Nimemkuta asubuhi amelala chini ndani ya maji, mweupe, mwepesi, hana hata nyama. Nimemzika kwenye kopo la maua karibu na meza ya pasi, nikamwombea kidogo, ingawa sijui kamba huombewa nini.

Usidhani siwaangalii. Nawahudumia kama wateja wa suti. Kioo kinang'aa mpaka mteja mmoja amejitazama humo akachana nywele. Mama wa duka la samaki wa mapambo alipita, akasema ahadi yake iko palepale: ukirudi ukikuta tangi limejaa, rafu dukani kwake ni yako, uuze kamba wako. Likiwa tupu, basi tena. Mimi sijali. Meza yako ya pasi inakungoja.

Baba yako,
Povu


7 Februari

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mapacha wanalia kwa zamu, kama wamepangiana. Dada anakusalimu.

Baba jamani, nimecheka mpaka nimemwamsha mmoja. Umezika nguo! Kamba akikua hulivua gamba lake zima, hadi la sharubu, akatoka na jipya laini. Lile la zamani liache humohumo, wanalitafuna, linawasaidia kutengeneza jingine. Yaani dobi mzima umeona nguo imevuliwa, ukaiita maiti!

Ila niangalizie sana Bi Mkubwa, yule jike mwekundu kuliko wote. Ana alama ya njano nyuma ya shingo, ndiyo mayai yanajiandaa. Akijivua salama ndipo atayabeba tumboni. Najua unatamani nirudi mezani kwako, Baba. Mimi naitamani ile rafu. Naitamani kweli.

Binti yako,
Kibanio


19 Februari

Kibanio wangu,

Marahaba. Mapacha hawajambo? Mimi afya ninayo, raha sina.

Safari hii si nguo. Wanakufa. Gamba linapasuka nyuma ya shingo, inatokea pete nyeupe kuzunguka mwili, halafu kamba anakwama. Umewahi kuvua fulana mbichi ikakubana kichwani, hutoki wala huingii? Ndivyo hivyo, ila wao hawatoki tena. Mmoja amepambana mbele ya macho yangu, mimi nimeshika kijiko cha chai, sijui nimsaidie vipi. Amebaki Bi Mkubwa na madume wawili.

Nimekosa wapi? Maji nabadilisha yote kila asubuhi, tena si maji ya ovyo. Ni ya mvua, yaleyale ninayofulia magauni ya maharusi.

Nilisema sijali. Nilikudanganya. Siku hizi chai hainishuki mpaka nikae mbele ya tangi.

Baba yako


23 Februari

Baba, shikamoo, na pole sana.

Nimelia, nimemaliza, sasa nisikilize. Ni maji. Nilikwambia ubadilishe kidogo, kumbe kidogo ya dobi ni tangi zima!

Maji ya mvua yanatoa povu zuri kwa sababu hayana kitu ndani. Kamba anakihitaji hicho kitu, chokaa. Unaujua ule ukoko mweupe unaoziba pasi yako ya mvuke, unaoutukana kila Jumamosi? Huo ndio wanaojengea gamba. Wakiukosa, jipya linakuwa legelege na la zamani linawang'ang'ania. Na ukibadilisha maji yote kwa mpigo wanashtuka, wanajivua kabla hawajawa tayari.

Tafuta maji ya kisima. Kikombe kimoja asubuhi, tone kwa tone. Kisima najua ni cha nani: dobi mshindani wako. Nisamehe, Baba, sina njia nyingine. Bi Mkubwa akienda, hakuna mayai, hakuna rafu.

Binti yako,
Kibanio


5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wabusu mapacha. Mimi mzima wa mwili, uso sina.

Nimekwenda kwa Mzee Mawe. Mimi, ambaye miaka yote nawaambia wateja kwamba akikufulia kwa maji yake ya chokaa shati linasimama lenyewe mlangoni! Mimi niliyempa hilo jina! Mtaa mzima umeniona na ndoo. Akaacha kupiga pasi, akajifuta mikono polepole, akauliza kwa sauti, "Povu, leo sabuni yako imechoka?" Nikamwambia ni kwa ajili ya kamba wa binti yangu. Akacheka, akanijazia ndoo mwenyewe.

Natia tone kwa tone, mkono unakufa ganzi. Lakini Bi Mkubwa amejificha nyuma ya majani. Hali, hatembei. Mzee Mawe amekuja kumtazama, akatikisa kichwa. Naogopa, Kibanio.

Baba


22 Machi

Baba, shikamoo.

Hujambo? Mbona kimya? Dereva amepita tena mikono mitupu. Kama Bi Mkubwa amekufa niambie tu. Nitarudi nishike pasi, sitanuna.

Kibanio


20 Aprili

Kibanio! Kibanio we!

Marahaba mara mia! Mapacha hawajambo, dada yako hajambo, wote hamjambo, sitaki kusikia vinginevyo leo!

Amejivua! Ilikuwa mwezi uliopita, mchana kweupe, duka limejaa watu. Nilikuwa kwenye suruali ya mwalimu, nikamwona amejikunja. Gamba likapasuka shingoni. Nikasema basi, ndiyo ile pete. Mara akapiga teke moja, tup! Katoka mzima, mwekundu, na nguo ya zamani imebaki nyuma na sharubu zake zote. Nilipiga ukelele, Mzee Mawe akaja mbio akidhani nimeungua. Iliyoungua ni suruali. Mwalimu nimemlipa, naye kaomba aletewe kiti atazame.

Nisamehe kwa kimya. Sikutaka ushangilie nusu, maana mimi nilishawahi kumzika aliye hai. Siku ileile madume walianza kumzunguka, akabeba mayai tumboni, anayapepea kutwa nzima. Nikangoja. Wiki hii yamepasuka. Tangi limejaa vitoto, kila jani lina wake, vidogo kuliko punje ya mchele, na tayari vinajivua. Vigamba vyao siviokoti, usiwe na wasiwasi.

Mama wa duka la samaki amekuja, amevaa miwani, ameivua, ameivaa tena. Kaondoka kwenda kufuta vumbi kwenye rafu yako.

Sasa jambo moja. Ile meza yako ya pasi nimeitoa. Hapo nimeweka tangi la pili, maana Bi Mkubwa ana alama ya njano tena. Usiniulize utapigia wapi pasi. Hutapiga.

Mzee Mawe anakusalimu. Anasema nikuambie ushindi huu ni wa maji yake. Ni kweli, nimemwambia mbele za watu. Ila mashati yake bado yanasimama yenyewe.

Baba yako, na babu wa kamba,
Povu