Volyumu ya Gitaa la Kwaya

Bariadi, Jumamosi usiku

Sasa linatoa sauti, lakini heri lingebaki bubu.

Mchana nilifungua gitaa la kwaya kwa sababu volyumu ilikuwa inakwaruza. Waya mmoja ukakatikia mkononi. Nikachomelea upya nyaya zote tatu kwa kukumbuka tu, nikafungua volyumu yote. Kimya. Nikagonga kwa bisibisi ile sumaku ya chini ya nyuzi, spika haikusema kitu.

"Si ulisema dakika tano, Baba Kulwa?" mke wangu akauliza kutoka jikoni. Nilikuwa karibu kulia.

Nilipokata tamaa nikazungusha volyumu kuifunga. Gitaa likapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka! Nimeunga kinyume: ukifungua linanyamaza, ukifunga linalia kwa nguvu zote. Nikataka kurekebisha, risasi ya kuchomelea imeisha na maduka yamefungwa.

Kesho ni ibada ya mavuno, na kwaya ya Mwandoya ni wageni wetu. Kupiga nitapiga, mkono utazoea. Ninayemwogopa ni mwalimu wa kwaya. Mchungaji akisema tu "Tuombe", mwalimu hunyoosha mkono na kuifunga volyumu yangu mpaka mwisho, macho tayari ameshayafumba.

Nimempigia simu nimweleze. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Gitaa letu halijambo, Baba Kulwa?"

Nikajisikia nikijibu, "Halijambo kabisa, mwalimu."