Mpira Ulionipata

Mjukuu wangu Neema,

Huko Aberdeen baridi haijakutesa? Sisi hapa Perry Barr wazima, na mama yako bado anahangaika na zamu zake za hospitali.

Umeniuliza kama nilifaidi kuwa mtoto wa rais. Shuleni, tukicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, kila mpira niliorushiwa ulipita kando, nami nikajiona hodari. Kumbe wenzangu walikuwa wamekatazwa kunipiga. Baba alifunga watu kwa makosa madogo kuliko hilo.

Alipopinduliwa, tukakimbilia huku ughaibuni. Siku moja, tukicheza rede pale mtaani kwetu Newtown, binti wa jirani alinitandika mpira mgongoni. "Umetoka! Kaa pembeni!" akasema huku akicheka.

Nilirudi nyumbani na alama. Mama, kwa hofu, akaniuliza nani kaniumiza.

Nikamjibu, "Rafiki yangu."

Bibi yako