Chembe Zisizotoka Mbali

Tuwan, Kitale

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Natumaini mgongo umetulia na vitunguu vinauzika huko Chwele. Mimi ni mzima, ila usingizi sipati.

Krismasi uliniuliza nilisomea nini chuoni ikiwa kazi yenyewe ni ukarani wa duka la mbegu. Mjomba Wanyonyi akadakia ati nilisomea kuangalia juu. Nilicheka nanyi, lakini nilitamani kukujibu.

Mama, kuna chembe ndogo sana zinazotunyeshea kutoka angani mchana na usiku. Chache kati yake ni kinyume cha hizi za kawaida; moja ikikutana na mwenzake wa kawaida, zote mbili hutoweka, ukabaki mwanga. Wataalamu bado wanabishana hizo za kinyume zinakotoka. Baadhi huzaliwa miale ya angani inapogonga gesi iliyo kati ya nyota, lakini zenye nguvu nyingi ni nyingi kuliko miale hiyo inavyoweza kuzaa. Wengi hushuku mabaki ya nyota zilizokufa, yanayozunguka kwa kasi. Njia ya chembe hizi hupindapinda, kwa hivyo moja ikifika huwezi kunyoosha kidole kwa nyota iliyoileta. Ila zile zenye nguvu huchoka upesi safarini. Kwa hivyo hazikutoka mbali.

Hapo ndipo nilipowaza mambo yetu. Umeniambia siku zote kwamba baba alitoka mbali, akarudi mbali. Wazee wa Nabwile, msichana ninayetaka kumwoa, wameniuliza ukoo wa baba. Wanasema hawawezi kumwoza binti yao kwa mtu ambaye huenda ni ndugu yake. Nabwile akainama.

Wiki jana mzee mmoja alikuja dukani kununua mbegu ya mahindi. Alinitazama mpaka nikaogopa, kisha akauliza kama Wilkista wa Chwele bado hufunika mdomo akicheka. Anaitwa Bethwel, anakaa Kipsongo, hapa hapa Kitale. Masikio yake, Mama, ni haya yangu.

Sikumuuliza lolote. Nilimpimia mbegu kupita kiasi. Nimemtamani mtu huyu tangu darasa la kwanza, na sasa naogopa kumpata nikakupoteza wewe.

Jumapili baada ya ibada nitaenda kwake. Nitakungoja kwanza kwenye steji ya matatu. Usipokuja sitakulaumu, nitaenda peke yangu.

Msalimie Mjomba. Mwambie kuangalia juu kumenifikisha Kipsongo.

Mwanao akupendaye,
Derrick Wabwile