Pesa Iko Ghorofani

Chumba cha nyuma, kwa mama mwenye nyumba,
Jumatano, tarehe 12.

Mpendwa Kaka Mrefu,

Pokea salamu zetu kwanza. Hujambo na hiyo baridi yako? Kifua kimepoa? Sisi tu wazima. Mwanangu Kifungo ameota jino la pili, anauma kila kitu, hata bega langu hapa ninapoandika. Shemeji anasafiri kesho kuja huko, nikaona nimpe barua. Kwenye simu ningelia tu.

Kaka, nimechoka. Zile dola zako za mtandaoni zimefika na hazijafika. Jumamosi nilikwenda kwa wakala anayezibadilisha kuwa noti. Akaangalia simu yake, akasema haoni kitu, eti labda wewe unanichezea. Watu kwenye foleni wakacheka. Nilitoka machozi yananilengalenga.

Nikaenda kwa fundi simu wa pale kona. Akauliza nani alichagua mtandao. Nikasema ni mimi, nilikusihi utumie ule wa ada ndogo. Akashusha pumzi.

"Pesa yako ipo, dada. Ila iko ghorofani, na wakala wako ana mlango wa chini tu."

Alinieleza mpaka nikaelewa. Blokcheni yenyewe, kule dola hizi zinakoandikwa, ni kama daftari moja ambalo maelfu ya kompyuta zina nakala yake, na kila mstari mpya lazima zikubaliane. Ni imara, lakini foleni ni ndefu na ada inauma. Ndipo watu wakajenga mitandao mingine juu yake: inakusanya malipo mengi, inayafunga pamoja, halafu inaandikisha furushi zima kule chini kwa mkupuo. Nikaona ni kama kwenye duka la ushonaji ninakofanya kazi: sisi tunashona kule nyuma, fundi mkuu anakagua rundo lote mara moja. Na anwani yangu ni ileile juu na chini, ndiyo maana tulidhani mambo sawa.

Sasa kuishusha pesa ni siku saba! Eti zimewekwa ili anayeona udanganyifu kwenye furushi apate muda wa kupinga. Nani apinge pesa ya cherehani, kaka? Tulianza na fundi simu Jumatatu, itashuka Jumatatu ijayo. Na fundi mkuu anahama, cherehani yake anaiuza Jumamosi hii kwa atakayewahi. Nikiikosa, sitaweza kushonea nyumbani, na Kifungo ataendelea kushinda kwa jirani. Jana nilimkuta sauti imemkauka kwa kulia.

Jioni nikamweleza fundi mkuu habari yote ya juu na chini. Hakuelewa hata nusu. Aliuliza tu, "Jumatatu?" Nikamjibu ndiyo. Akainama, akachomoa kwenye cherehani kile kikopo kidogo cha chuma kinachoshika bobini ya uzi wa chini, akakiweka kiganjani mwangu.

"Wanunuzi wakija kuijaribu Jumamosi, haitashona."

Siku nyingine tumuulize wakala kwanza anapokea mtandao upi, ndipo utume. Kosa ni langu, usijilaumu.

Msalimie wifi na yule jirani yako mcheshi. Bibi anakuombea, nami naomba Mungu akulindie kifua na kazi.

Kikopo nimekifunga kwenye leso, kiko chini ya mto. Kifungo ameshakitafuta mara mbili.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikinuna,
Mama Kifungo