Mafurushi Saba ya Kigamboni

Jumamosi, 21 Septemba

Tunakwenda! Augustine, mwalimu wetu wa kayaki, amesema tuko tayari. Mimi na rafiki yangu Auleria, kayaki moja ya watu wawili, siku nne baharini na hema letu. Ijumaa ya tarehe 11 tunatoka Kunduchi, tunalala Mbudya, halafu Bongoyo, halafu Sinda, na Jumatatu ya sikukuu tunafikia Kigamboni. Yeye atakuwa mbele yetu na kayaki yake, lakini mzigo wetu ni wetu.

Miezi sita ya kupiga kasia kila Jumapili. Mabega yangu sasa ni ya mbeba zege. Gauni nililoshonea harusi ya binamu yangu Maisa haliingii tena, na sijali hata kidogo.

Tarehe kaichagua Augustine, kwa sababu siku hizo ni za maji mafu — hayajai sana wala hayapwi sana, mkondo unakuwa mpole. Akatupa na pete. Pete ya boksi, kaikata mwenyewe kwa wembe, upana sawasawa na tundu la mizigo la kayaki. Ukubwa wake karibu sawa na mfuniko wa sufuria ndogo. Kisichopita hapa, kasema, hakiendi.

Nimeshamwambia Mama. Nimewaambia wenzangu wote wa duka la dawa, na dada anayetufulia. Bado Baba. Natafuta siku nzuri.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimepita dukani kwa Baba baada ya kazi, nikidhani ndiyo siku nzuri. Siyo. Alikuwa anafunga mzigo wa kwenda kisiwani Mafia, na Baba akifunga mzigo hazungumzi. Anakunja, anakandamiza kwa goti, anazungusha kamba ya bluu, anapiga lile fundo lake dogo lisilo na mkia. Halafu anachukua kalamu nene na kuandika.

Dereva alikuwa na haraka, akabeba furushi moja ambalo halijaandikwa. Baba akamfuata mpaka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, akalishusha. Akauliza nani analipokea. Dereva hajui. Basi haliendi.

Sheria zake ni mbili, miaka arobaini hajazibadilisha. Mzigo usioandikwa jina la mpokeaji hautoki dukani. Na fundo halifunguliwi njiani, mpokeaji ndiye anayelikata.

Nikamshikia kamba mafurushi manne. Nikarudi nyumbani sijasema kitu. Mfamasia mzima wa miaka thelathini na tatu, nawapa watu wazima dozi na kuwafokea wasipomaliza — kwa Baba ulimi unakuwa kipande cha mbao.

Alhamisi, 26 Septemba

Nyumba nzima imeshikwa na wazimu wa pete.

Nilianza mimi. Sufuria ndogo — imepita. Mto wangu — umepita kwa kusukumwa. Jiko la gesi — limepita. Kikaango — hapana. Mama akaniangalia weee, mwisho akaniambia nimpe na yeye. Akapitisha birika. Akapitisha kopo la halua, akapitisha tende kilo mbili, ambazo sikuziomba. Akapitisha mswala. Akapitisha paka. Paka kaingia kichwa na miguu ya mbele, akakwama tumboni, akatuangalia kama watu tusio na akili.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mama naye, kanga imemvuka kichwani. Mlango ukafunguliwa, Baba akaingia, akaona pete, akaona paka. Akauliza ni nini. Mama akanitazama mimi. Mimi nikasema mchezo tu.

Mchezo tu. Kwa nini nimesema vile?

Jumamosi, 28 Septemba

Balaa.

Baba kasikia kwa kinyozi. Mke wa kinyozi huchukua dawa zake za presha kwangu, na mimi na mdomo wangu nilimsimulia kila kitu mpaka rangi ya hema. Kinyozi kampa Baba hongera, wembe uko shingoni — Mzee Abdulhadi, binti yako shujaa, atalala visiwani.

Baba karudi ndevu zimenyolewa upande mmoja.

Hakufoka. Ningeshukuru angefoka. Kaniuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli kwamba mtu wa mwisho kujua ni yeye. Nikasema ni kweli. Akaenda kusali. Toka hapo anazungumza nami kupitia Mama, na mimi nimekaa palepale. Mwambie mwanao chai inapoa.

Jumapili, 29 Septemba

Zoezi la kupinduka. Augustine katupindua mara sita, katufanya turudi ndani mara sita. Auleria kazaliwa Bukoba, ziwani, anaogelea tangu hajaota meno. Lakini kila akipinduka anaibuka akitema mate na kuilaani chumvi. Huko kwao, anasema, maji ukiyameza unakuwa umekunywa maji. Haya ya kwetu ni supu.

Tulipokaa mchangani nikamwambia habari ya Baba. Nikamwambia pia kwamba bila radhi yake siingii majini. Nilidhani atanicheka. Tumeishi chumba kimoja hosteli za Mabibo miaka mitatu, hakuna kitu changu ambacho hajakicheka.

Hakucheka. Kasema, "Sasa Wahiba, kayaki ya watu wawili mie naiendeshaje peke yangu? Ukibaki, tumebaki."

Kwa hiyo sasa si safari yangu tu niliyoiweka rehani kwa ajili ya uoga wangu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Auleria kaja na mzigo wake tuufunge pamoja. Kafungua mlango wa bajaji, kashusha mkungu wa ndizi. Mzima! Umetoka kwao Bukoba, urefu wake unamfika kiunoni. Nikamwonyesha pete, nikamwonyesha mkungu.

Alichukua kisu bila kubishana. Kakata vichane, kapitisha kichane kimojakimoja, kila kimoja kikipita anapiga kigelegele. Halafu katoa kopo la senene wa kukaanga. Mama kauliza ni nini. Kaambiwa, panzi wa Bukoba. Kaonja mmoja kwa ncha ya meno, akachukua wa pili, akasema ni kwa ajili ya kuhakikisha. Kopo lilibaki nusu.

"Mama, hao ni wa safari," nikasema.

"Na tende zangu si za safari? Tubadilishane."

Baba alikuwa barazani na redio. Auleria akaenda kumwamkia, shikamoo Baba, kwa kupiga goti kabisa kama kwao. Marahaba. Baba akamuuliza habari za shule anayofundisha, wanafunzi, mitihani. Wamezungumza robo saa! Na mimi nikipita na vichane vya ndizi anaongeza sauti ya redio.

Nimemlalamikia Auleria wakati namsindikiza. Akasimama.

"Una bahati una mtu wa kukununia. Mie mzee wangu alifariki niko kidato cha pili. Hata nikienda mwezini hakuna wa kuniuliza narudi lini."

Kasema hivyo na kupanda bajaji, akanipungia mkono kwa furaha zake zilezile.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo nimeomba. Baada ya chakula cha mchana, Mama kajitia ana vyombo vya kuosha. Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikasema, Baba, nimekukosea, nilipaswa kuanza kwako, niliogopa utakataa. Naomba radhi yako. Usiponipa sitakwenda, na sitanuna.

Akazima redio. Akauliza maswali kama ninavyomsikia akiuliza dukani. Nani anaongoza? Augustine, ana miaka kumi na miwili anafanya kazi hii. Ana redio ya mawasiliano? Anayo. Maji ya kunywa kiasi gani? Lita nne kwa mtu kwa siku. Yanakaa wapi? Nyuma. Akatikisa kichwa hapo, sijui kwa nini.

"Na Kigamboni, nani anawapokea?"

Hilo sikulitegemea. Nikasema hakuna, tukifika tutaita bajaji.

Akarudia polepole. Hakuna. Akavaa kofia yake, akatoka. Nilisikia malapa yake mpaka mwisho wa uchochoro.

Mama anasema nimpe muda. Zimebaki siku tano.

Jumanne, 8 Oktoba

Pete imepotea. Nimetafuta chini ya kitanda, jikoni, juu ya kabati. Mama hajui. Paka hajui. Mifuko imeshajaa na sasa sina cha kupimia.

Nimepima kwa mfuniko wa sufuria. Labda inatosha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mifuko saba, imepangwa karibu na mlango. Minne yangu, mitatu ya Auleria. Hema. Vyakula. Maji. Jiko na vyombo. Ndizi, peke yake, kwa heshima yake. Dawa — huo nimeupanga vizuri kuliko yote, nina mpaka dawa ya mtu kung'atwa na kitu nisichokijua. Na mfuko wa nguo safi za Jumatatu, ili tusishuke Kigamboni tunanuka kama dagaa.

Naiangalia mifuko ile nasikia raha mpaka miguuni. Sijawahi kuitamani safari hivi. Hata ya Maka naitamani kwa utulivu, hii naitamani kama mtoto anavyotamani Idi.

Baba bado hajasema. Amepita karibu na mifuko, akaunyanyua mmoja kidogo kwa mkono, akauweka. Akaenda chumbani.

Asipotamka neno mpaka asubuhi, nitakwenda Kunduchi nikamwambie Auleria uso kwa uso. Jambo kama hili haliambiwi kwenye simu.

Ijumaa, 11 Oktoba. Kunduchi

Naandika nimekaa mchangani. Haraka.

Alfajiri Mama kaniamsha. Kashika msahafu juu, mlangoni, nikapita chini yake mara tatu, kama alivyokuwa akinipitisha siku za mitihani. Nikamwambia Mama, pengine siendi. Akasema pita tu.

Nikageukia mifuko karibu na mlango, haipo. Hakuna hata mmoja. Mama akasema Mzee kaibeba tangu usiku wa manane na kirikuu ya dukani, hakusema anakwenda wapi.

Basi nikajua nimezuiwa. Bila neno, kwa kuchukuliwa mzigo. Nilipanda bajaji nikalia mpaka Mwenge. Kutoka Mwenge nikakasirika. Malori ya saruji ya Wazo yalikuwa yanashuka upande wa pili, vumbi tupu, nami nikapanga maneno ya kumwambia Auleria, na mengine ya kumwambia Baba, ambayo sasa naona haya kuyaandika.

Nikafika. Auleria amekaa kwenye kiti cha mbele cha kayaki, nchi kavu, laifu jaketi limefungwa mpaka kidevuni, anacheka. Na mchangani pembeni yake, mstari mmoja, mafurushi saba.

Mafurushi. Si mifuko yangu. Baba ameifungua yote na kuifunga upya — nailoni mbili juu, kamba ya bluu, fundo lisilo na mkia. Yote upana mmoja. Pete imetundikwa kwenye pua ya kayaki, imezungushiwa selotepu ukingoni maana ilikuwa imeanza kulegea. Ilikuwa dukani kwake tangu Jumanne.

Augustine anasema mzee kafika saa kumi na mbili, kapitisha kila furushi peteni, moja moja, hakutaka kusaidiwa. Kauliza Kigamboni tunafikia ufukwe gani na saa ngapi. Kaandika kiganjani. Akaondoka, anawahi duka, Ijumaa hufunga mapema.

Nikageuza furushi la kwanza. Kalamu nene, mwandiko wake wa kulala kulia:

WAHIBA. KUTOKA KUNDUCHI. MPOKEAJI: ABDULHADI. KIGAMBONI, JUMATATU SAA SABA.

La pili hivyohivyo. La tatu. La nne. La tano ni ndizi:

AULERIA. KUTOKA KUNDUCHI. MPOKEAJI: ABDULHADI. KIGAMBONI, JUMATATU SAA SABA.

Auleria alikuwa ameshaliona kabla sijafika. Ndiyo maana anacheka vile, na macho mekundu. Kaniambia ni chumvi. Hajaingia majini bado.

Nimempigia Baba. Kapokea, hakusema haloo. Nikasema, Baba, nimeona. Akauliza furushi la maji limewekwa wapi. Nikasema bado hatujapakia. Akasema liwe katikati, mzigo mzito haukai nyuma, na akakata simu.

Neno radhi halijatamkwa. Mimi siendi kuuliza tena.

Tumepakia. Yote yameingia, na tundu limefungika bila kusukuma. Sasa ndipo Auleria kauliza jambo ambalo mimi, binti wa duka lile, nilipaswa kuliona kwanza — chakula tunakipataje? Mzee kafunga safari nzima kama mzigo wa Mafia. Fundo hukatwa na mpokeaji, na mpokeaji yuko Kigamboni, siku tatu mbele. Hata kisu chetu kimo ndani, furushi la nne.

Tumecheka mpaka Augustine kaja kuangalia kuna nini. Kisu chake kiko kifuani, kwenye laifu jaketi. Jioni, Mbudya, atatukatia tunachohitaji. Baba atanisamehe kwa sita.

La saba nimelitenga, la nguo safi. Hilo halikatwi na mtu. Atalikata mwenyewe.

Maji yamefika kwenye mkia wa kayaki. Auleria anagonga kasia. Daftari nalitia kwenye nailoni na kulivaa kifuani, maana mafurushini halina tena pa kuingia. Augustine kapiga filimbi, na mguu wangu mmoja umeshalowa