Mama Mkwe Ananing'inia, Nami Niko Nyuma ya Ukuta

Mpendwa Bi Mwanamisi, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi shemeji yangu Anatoli, kaka wa mke wangu, anakuja na gari kutoka Mwanhuzi kumchukua mama mkwe wangu, na ninajua kabisa anarudi kwenye maisha gani, na kosa litakuwa langu.

Mimi ni fundi magari hapa Bariadi. Mama mkwe alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto wote umelala na mguu wa kulia haumbebi, akawa anakaa kwa Anatoli kwenye chumba chenye mlango mwembamba na kizingiti kirefu ambacho kiti mwendo hakipiti, kwa hiyo masika yote alishinda kitandani hadi akatokwa na vidonda mgongoni. Mke wangu Nancy alipoviona alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, ndipo nikasema mama huyu namjengea mimi.

Nikamjengea uani, na hapa niache nijisifu kidogo, mlango mpana, hakuna ngazi hata moja, mteremko wa zege kuanzia getini, choo cha kukaa chenye vyuma vya kushika, swichi za taa nimezishusha hadi usawa wa kiti, mpaka mwenyekiti wa mtaa akawa analeta wageni wake kuja kuangalia. Shida ikabaki kumtoa kitandani, kwa sababu mama ni mzito na Nancy ni mwembamba, mgongo wake ulishashtuka, na mwenye nguvu za kumbeba ni mimi, na mimi ni mkwe. Wewe umeishi na sisi Wasukuma, unajua, kwa malezi niliyopewa mama mkwe simtazami usoni, simpi mkono wala siingii anapolala, sasa nimbebe vipi?

Nikafikiri kifundi. Nikafunga winchi ya mnyororo, ile tunayonyanyulia injini, kwenye boriti ya chuma juu ya kitanda chake, Nancy akashona turubai la kumkalisha, halafu nikatoboa tundu ukutani nikapitisha mnyororo hadi nje, nikawa navuta nikiwa nyuma ya nyumba bila kumwona wala kuonwa, Nancy akisema "vuta" navuta, akisema "legeza" nalegeza. Ila ile milango mipana nayo ikaniponza, kwani kiti kinapita kila mahali, basi na mama yuko kila mahali, ikabidi nikohoe kila ninapokata kona ili ajue napita, nikakohoa hadi mhudumu wa afya wa mtaa akaja na kikopo anataka makohozi yangu.

Sasa Jumapili tunajiandaa kwenda misa, nimeshamvuta mama yuko juu, Nancy akasikia maziwa yanamwagika jikoni akakimbia bila kuaga. Nasubiri "legeza," kimya. Mara mama akauliza, "Nancy yuko wapi?" Mkwe simjibu hivihivi, na pale nyuma ya nyumba tulikuwa mimi na kuku tu, nikasema, "Wewe kuku, mwambie mayu, mama yetu, kwamba Nancy anakuja." Mama akasema, "Kuku, mwambie mwenye gereji kwamba mimi si injini. Anishushe." Na kumshusha naogopa, sijui kama kiti kiko chini yake au hakipo, nikabaki nimeng'ang'ania mnyororo jasho linanitoka, nikamwomba kuku amwambie mayu avumilie, mayu akajibu kwamba huyo kuku apikwe.

Nancy alirudi, tukamshusha salama, tukaenda misa. Jioni mama akampigia Anatoli aje amchukue. Ninamheshimu mama huyu kuliko ninavyoweza kusema, na nimemdhalilisha. Je, nihamie gereji nilale huko ili yeye abaki kwenye nyumba? Nancy anasema nikihama nisirudi. Namba yake nimeiandika hapo chini.

Ni mimi, Fundi Mwenye Haya, Bariadi.

BI MWANAMISI ANAJIBU:

Fundi, nimeisoma barua yako dukani mbele ya wateja na nimecheka mpaka mume wangu Abubakari akafunga redio kuniuliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye vidonda vya mgongoni, kicheko kikaisha.

Wewe ni mkwe mwema, na nakusema hapa kwa kuwa wewe ni mkwe mwema. Ulipima mlango, ukapima kiti, ukapima choo na swichi. Mwenye nyumba je, ulimuuliza nini? Barua yote hiyo ndefu, hakuna mahali mama ameulizwa kitu na mtu yeyote. Hata kuku alipewa nafasi ya kuongea.

Kwa hiyo nikampigia Nancy, nikaomba kuongea na mama. Nikamwamkia "mwangaluka" kwa Kisukuma changu cha sokoni, akacheka, akaniambia maneno haya, na ameniruhusu niyaandike: "Mkwe wangu ana adabu, sijamkasirikia. Nyumba yake ni nzuri, vidonda vimepona. Lakini mwanangu, nikibanwa na haja lazima fundi aitwe kutoka gereji. Nikitaka kulala, fundi. Nikitaka kuamka, fundi. Napanda na kushuka kwa mkono wa mtu nisiyemwona. Na mimi mkono wa kulia ni mzima, ndio niliokamulia ng'ombe maisha yangu yote, na hakuna aliyeukumbuka."

Umesikia, fundi? Ulidhani mama anakimbia aibu ya kuongea na mkwe. Mama anakimbia kuwa mzigo unaopandishwa kwa amri ya wengine. Umemjengea nyumba ambayo kila kitu anakifikia isipokuwa mnyororo wa kujitoa kitandani.

Mambo ya mila siyaingilii. Wazazi wangu walikuja mji huu kuuza vitenge, hawakuja kuwafundisha Wasukuma heshima ya wakwe. Wazee wa pande zote mbili wapo, kawaulizeni. Ila usihamie gereji. Nancy ana haki ya kukufungia mlango, na mama hatafaidika chochote na wewe kulala juu ya matairi.

Fanya hivi. Kesho Nancy akamwone mtaalamu wa viungo hospitali, amweleze mlivyoifunga winchi, aje aangalie boriti na turubai kabla mama hajanyanyuliwa tena, maana turubai la Nancy lilishonwa kwa upendo na upendo haujui kilo. Akiridhika, urudishe mnyororo ndani, upande wa mkono wa kulia wa mama. Winchi ya namna hiyo haishuki mpaka ivutwe, hilo unalijua kuliko mimi, kwa hiyo mama atavuta kwa mwendo wake na kupumzika akichoka. Nancy awe pembeni kila mara, ashike kiti, na maziwa yamwagike tu. Kwenye milango yako weka mapazia, na mpe mama kengele kwenye kiti, ili yeye ndiye atoe taarifa kwamba anapita na wewe upumzishe kifua.

Na ukubali hili moja, litakuuma: akishaweza kujinyanyua mwenyewe, bado anaweza kuchagua Mwanhuzi. Akichagua, usinune. Chukua nyundo na mfuko wa saruji, mfuate, ukapanue mlango wa Anatoli.

Lakini Jumamosi gari likifika, asijibu Nancy wala usijibu wewe. Subirini. Mama ajishushe kitini mwenyewe, ausukume mlango, atoke nje amweleze mwanawe anataka kuishi wapi.