Alisema Mara Mbili, Nikasema Hapana

Jumatano, Doha. Baridi ya Januari na upepo wenye vumbi. Nimerudi nyumbani Abu Hamour tangu jioni na bado sijavua koti.

Sitataja jina lake wala timu yake. Niseme tu ni mchezaji kutoka Afrika Magharibi, anacheza Ulaya, na timu yake iko hapa kwa kambi ya mazoezi. Wachezaji wote wanapimwa kwenye kliniki ninakofanya kazi, kule Lusail. Mimi ni karani wa mapokezi. Napanga miadi.

Leo mkalimani wa Kifaransa hakuja, na meneja akakumbuka kwamba nilisomea lugha hiyo chuoni Kenya. Niliogopa kukataa. Niliogopa pia kukubali.

Nikaingia.

Daktari alikuwa bado anatazama picha kwenye kompyuta. Yule kijana akanichangamkia. Akasema naongea Kifaransa kama msoma habari, hakina hata tusi moja. Nikacheka. Akaanza kuniita dada. Akanisimulia alivyokaa benchi misimu mitatu kwenye mji wa theluji, na kwamba msimu huu ndio kwanza anapangwa kikosi cha kwanza.

Kisha daktari akageuka. Alisema misuli ya moyo inaonekana minene kuliko kawaida. Huenda ni mazoezi tu, huenda ni ugonjwa unaoweza kuusimamisha moyo ghafla uwanjani. Akauliza: amewahi kuzimia akikimbia?

Nikatafsiri. Kijana hakuacha kutabasamu.

"Mara mbili," akaniambia. "Lakini mwambie hapana, dada. Nikikaa nje mwezi mmoja tu, nafasi yangu ina mtu."

Daktari alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

Nikasema hapana.

Mkalimani wa kweli hubeba kila kinachosemwa chumbani, hata hilo la "mwambie hapana". Mimi ni karani. Nimezoea kufikisha ujumbe jinsi nilivyotumwa. Mgonjwa akipiga simu akaniambia mwambie daktari niko njiani, nasema yuko njiani, hata kama nasikia televisheni yake.

Daktari akamruhusu aendelee, vipimo vingine afanyiwe akirudi Ulaya. Kesho wana mechi ya kirafiki.

Njia nzima kwenye metro nilikuwa namwona akikimbia.

Nilipofika nyumbani nikampigia daktari. Hakupokea, nikashukuru, halafu nikaona aibu kwa kushukuru. Nikapiga tena.

"Alisema mara mbili, daktari. Hiyo hapana ilikuwa yangu."

Hakunifokea. Aliniuliza kama nina uhakika, akasema anampigia daktari wa timu sasa hivi, na kwamba asubuhi meneja atataka kuniona. Kibali changu cha kukaa nchi hii kiko mikononi mwa kliniki. Nimekaa kitandani nikitafakari nitawaambia nini watu wa nyumbani.

Kisha ujumbe ukaingia, kutoka namba ambayo jana niliitumia kumkumbusha miadi yake.

"Dada, nilikuomba neno moja tu."

Nimeandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena. Kifaransa nilichofundishwa hakinisaidii hapa. Kesho hatacheza. Labda hatacheza tena kabisa, na itakuwa kwa sababu yangu.

Acha anichukie. Ili mtu akuchukie, lazima awe hai.